Mosi Januari

Nilikwenda Barabara ya Saba Jumamosi, saa nne,
pesa nimezifunga kwenye pindo la kanga kama alivyofanya mama:
laki na nusu, ujira wa sare thelathini na mbili,
kola, vifungo, usiku wa manane, macho.

Duka la Ndahani ni mlango mmoja na kaunta ya kioo.
Kompyuta zimepangwa ubavu kwa ubavu kama miche ya sabuni.
Nataka ya nyumbani, nikamwambia. Mtoto asomee,
nami niweke mahesabu. Isiwe kubwa,
meza ni ya cherehani, yeye atakuwa mpangaji tu.

Akatoa moja nyeusi, unene wa Biblia.
"Mama, hii haijachoka. Imestaafu."
Nikacheka. Wastaafu tunao mtaani,
wengine bado wanabeba matofali,
wengine getini hawafiki.

Niliigeuza. Mkwaruzo mmoja, kibandiko cha namba,
gundi iliyoganda palipokuwa na jina la ofisi.
Nikanusa matundu ya feni kama ninusavyo koti la mtumba,
maana kilichovaliwa hakiachi kumnuka aliyekivaa.
Hii ilinuka baridi, na zulia.
Halikuwamo vumbi letu, lile jekundu
liingialo hadi ndani ya yai.

"Laki na themanini."
"Laki na ishirini."
"Mama, ramu peke yake ni—"
"Hiyo ramu siinywi."
Chai yake ikapoa, ikaota utando.
Akashuka, nikapanda, tukakutana kwenye pindo la kanga.
Akanipa na kipanya, na kibodi iliyofutika herufi M.
"Utaikisia," akasema. Kumbe wadeni wangu wote wanaanza na M:
Mama Chiute sketi mbili,
Mama Lechipya suruali,
Mwalimu Hoya, suti nzima tangu Pasaka.

Nkuhungu, mume wangu aliizunguka mara mbili.
"Laki na nusu, na kioo haina?
Umenunua kichwa bila uso."
Uso tunao, nikamjibu, nikachomeka waya kwenye runinga,
uso wenyewe kutwa unatazama mpira.
Akakaa kimya, akaenda kusoma uniti za luku,
akarudi: hazijatikisika. Akaomba aonyeshwe kipanya.

Ilipowaka, pembeni chini iliandika:
mosi Januari, elfu mbili na kumi,
saa sita na dakika mbili usiku.
Nyemo akaangua kicheko.
"Mama! Mimi sijazaliwa!"

Kweli, hakuwa amezaliwa.
Na Mvumi kulikuwa na mtu anamenya karanga kwenye ungo,
miguu kainyoosha, redio kaiegemeza kwenye mtungi,
hajaanza hata kukohoa.

Tukairekebisha saa. Umeme ukakatika,
uliporudi, yenyewe ikarudi kule kule.
Tukarekebisha tena. Upepo wa Agosti ukalaza nguzo,
ikarudi.
Nikampigia Ndahani. "Betri ya saa imekufa, Mama Nyemo.
Kadude kama sarafu. Buku mbili tu, njoo nikuwekee."

Hii ni wiki ya tatu.
Mjini nashuka kila Jumamosi, zipu na uzi,
mlangoni kwake napita na salamu.
Si buku mbili. Buku mbili ninayo.

Ila umeme ukikatika mchana na kurudi,
mimi ndiye wa kwanza kubonyeza kitufe,
kabla Nyemo hajatoka shule.
Saa sita na dakika mbili.
Saa sita na dakika tatu.
Cherehani nimeisimamisha, mguu juu ya pedali.
Dakika nne.

Kisha naandika tarehe ya leo kwa kidole kimoja,
naikisia M,
nafungua deni la Mama Chiute.